Ruzuku na Riziki

Ruzuku ni neno la nasaba moja na riziki. Wazee wetu walimwachia Mola: Yeye ndiye aruzukuye. Leo laandikwa juu ya fomu, na anayeruzuku hudai risiti.

Nayasema haya kwa kuwa hapa Buzebazeba, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, sisi washairi wachache tulitaka kunasa sauti za wazee waghanio mashairi, kisha zisikike redioni. Wasomaji wa pwani wasistaajabu. Saadani Abdu Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954 na mwenye *Mashairi ya Saadani*, alizaliwa Ujiji. Kiswahili kilifika huku na misafara, kikatia nanga ziwani.

Mlango wa kwanza tuliouangalia ni wa nyumbani. Mfuko wa Utamaduni Tanzania, ulioundwa mwaka 1998, ulikuwa ukitoa ruzuku. Ule wa sasa wa Utamaduni na Sanaa hutoa mikopo. Mkopo wamfaa mwenye studio, au bendi inayotoza viingilio. Lakini mzee anayeghani barazani atalipa riba kwa vina au kwa mizani?

Ikabidi tuwaandikie wafadhili wa nje, na kazi ya kufasiri ikaniangukia mimi. Nimefasiri mashairi magumu, ila sijapata kutokwa jasho kama kwa fomu ile na "walengwa" wake na "uendelevu" wake. Iliuliza kazi itaendeleaje fedha zikiisha. Nikajibu kwamba beti hizi zimeishi vifuani mwa watu bila bajeti yoyote. Wanaokwisha ni watu. Fungu la kahawa na tende likakatwa, kinasa sauti kikakubaliwa. Ajuaye baraza ajua kipi kati ya hivyo kimfunguacho mzee kinywa.

Hayo tuliyastahimili. Tusichokistahimili ni kifungu cha mkataba kilichosema kuwa rekodi zote zitakuwa mali ya mfadhili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yamlinda mtunzi, na mghani pia. Tukawasomea wazee kifungu kile kwa Kiswahili. Mmoja wao, aliyekwisha kuvuka miaka 80, akauliza: "Mwanangu, nikifa, mjukuu wangu akitaka kunisikia ataomba ruhusa kwa nani?"

Swali lile tulilinakili neno kwa neno, tukalituma liwe ndilo jibu letu. Kifungu kikarudi kimerekebishwa: rekodi ni za waghani na warithi wao, mfadhili apewe nakala. Fedha nazo zikarudi zimepunguzwa. Tumeanza na wazee sita, na kahawa twachanga wenyewe.