Kuuza gari kuukuu la dizeli: piga hesabu kabla ya kutengeneza

Leo naweka kando mbegu na mbolea. Tangu niuze pikapu yangu, watu wa hapa Heru Juu na hata wa Kasulu mjini wananiuliza: "Bwana shamba, gari lilikuwa bovu, umeliuzaje?"

Ilikuwa Hilux ya dizeli, injini ya 2L. Miaka tisa imebeba maharage, mahindi na muhogo. Mwaka huu ikawa ngumu kuwaka asubuhi. Baridi ya huku juu tunaijua, lakini hii haikuwa baridi. Moshi mweupe haukukatika hata injini ikishapata moto, maji ya rejeta yalipungua bila kuonekana yanakovujia, na ukiwasha mfuniko ukiwa wazi, mapovu yanapanda. Fundi akathibitisha: silinda hedi imepasuka. Injini hizi zikichemsha, hedi ndiyo huumia kwanza. Nozeli na pampu navyo vilikuwa vimechoka.

Tukakaa na mama watoto tukapiga hesabu. Matengenezo yote, 3,200,000. Ikiwa nzima, wanunuzi walikuwa tayari kutoa 9,000,000. Kwa hiyo nikitengeneza ndipo niuze, kinachobaki ni 5,800,000. Anayetaka kuichukua hivyo hivyo akitoa zaidi ya hapo, kutengeneza ni hasara. Hiyo 5,800,000 ndiyo ikawa bei yetu ya mwisho, chini yake hatushuki.

Dalali mmoja akaja na njia yake: tuweke oili nzito, dawa ya kuziba rejeta, na injini ipashwe moto kabla mteja hajafika. "Nakuuzia 8,500,000 ndani ya siku mbili," akasema. Sitaficha, maneno yale yalinikaa kichwani. Binti yangu alitakiwa kuripoti chuoni na ada ilikuwa haijatimia.

Lakini mteja mwenyewe alikuwa kijana anayenunua mahindi vijijini, na fedha yake ilikuwa mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa. Gari likimfia njiani kwenda Kibondo, atakayelia si yeye peke yake, ni wanakikundi wote waliomdhamini. Nami nitakutana nao shambani, sokoni na msibani. Tena Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba. Fedha ya hila inaweza kudaiwa ikiwa imeshaliwa.

Nikamwambia yote, nikamwonyesha hata mapovu. Akashukuru, akaondoka. Baada ya wiki moja akarudi na fundi wake. "Mzee, kwa kuwa hukunificha, natoa 6,200,000. Nitaweka injini nyingine." Tukapeana mikono. Ada niliikamilisha kwa kuuza maharage niliyokuwa nayasubirisha bei ipande. Iliniuma, ila binti yuko darasani na kijana hupita hapa kwangu akisalimia.

Kama nawe unataka kuuza, fanya hivi:

1. Chukua makadirio ya mafundi wawili wasiofahamiana. Toa gharama kwenye bei ya gari zima, upate bei yako ya mwisho.

2. Fanya yale madogo tu: osha gari, badili chujio la hewa, chaji betri. Moshi mweusi mara nyingine ni chujio lililoziba tu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, huo useme wazi.

3. Mwache mnunuzi aliwashe gari likiwa la baridi. Nawe ukiwa mnunuzi, ukikuta injini ina moto kabla hujafika, uliza kwa nini.

4. Andikeni mkataba wenye orodha ya ubovu, mbele ya mashahidi na wakili.

5. Angalia faini za barabarani zisizolipwa, maana zinafuata namba ya gari. Kisha nendeni wote wawili TRA mkabadili umiliki. Kadi ikibaki na jina lako, matatizo ya gari yatakutafuta wewe.

6. Usikabidhi kadi kwa malipo nusu, hata kwa ndugu.

Wiki ijayo tunarudi kwenye maharage: namna ya kuyahifadhi yasiliwe na wadudu.