Sentensi Niliyoifundisha Miaka Kumi na Moja

Kwa miaka kumi na moja niliwaandikia ubaoni wanafunzi wa kidato cha sita kwamba Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilitokana na mvutano wa madaraka: Kusini ilitaka majimbo yajiamulie mambo yake, Kaskazini ikataka serikali kuu yenye nguvu. Utumwa niliuweka sababu ya tatu, baada ya ushuru wa forodha. Ndivyo nilivyofundishwa, nami nikaamini.

Likizo moja ya Desemba nikasoma tamko la South Carolina la mwaka 1860, lililoeleza kwa nini jimbo hilo linajitoa katika Muungano. Nilitarajia kukuta kilio cha ubabe wa serikali kuu. Nikakuta majimbo 13 ya Kaskazini yametajwa moja baada ya jingine, na kosa lao ni kuzuia watumwa waliotoroka wasirudishwe kwa mabwana zao. Yaani kosa lao ni kujiamulia.

Nikaitafuta na sheria yenyewe ya watumwa watoro, ya mwaka 1850. Kamishna wa serikali kuu akiamua mtu arudishwe utumwani, analipwa dola 10. Akimwachia, dola 5. Mtuhumiwa haruhusiwi kutoa ushahidi wake mwenyewe. Anayemficha hutozwa faini hadi dola 1,000 na kufungwa hadi miezi sita. Kwenye zile dola 10 na dola 5 nilikwama. Nilizisoma tena na tena, nikaona aibu.

Machi 1854, watu wa Milwaukee, jimboni Wisconsin, walivunja jela wakamtoa Joshua Glover, aliyetoroka utumwani Missouri, naye akafika salama Kanada. Mahakama ya juu ya Wisconsin ikasema sheria ile inakiuka Katiba. Mwaka 1859 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitengua hukumu hiyo. Na Wisconsin imo katika orodha ya South Carolina.

Swali la mipaka ya serikali ni zito, wala silidharau. Ila watu wa Kusini waliishika hoja ya kujiamulia ilipomlinda bwana, wakaiachia ilipomlinda mtoro.

Wewe niliyekufundisha, kama daftari lile bado unalo, lifungue. Kata sababu ya kwanza niliyokupa, na mahali pake uandike utumwa.