Majitu ya mita 18 ndani ya kopo la Kimbo

Leo tuweke kibodi pembeni kidogo tuzungumzie viroboti. Nimesema viroboti, si viroboto! Viroboto huruka na kuuma. Hivi vyangu vimesimama tu vikinikodolea macho.

Naongelea vinyago vya plastiki na mpira, urefu wa sentimita 4 hivi kila kimoja, vichwa vikubwa kama maboga na miguu mifupi kama ya bata. Ninavyo 37. Vinakaa ndani ya kopo kubwa la Kimbo kwenye meza yangu ya kazi hapa Kisumu, kando ya skrini. Wageni wakiviona huuliza maswali matatu, tena kwa mpangilio uleule:

1. Ni vya mtoto wako?
2. Ulivitoa wapi?
3. Vina kazi gani?

Swali la kwanza halina maneno mengi: ni vyangu. Mengine mawili yanataka nafasi, kwa hiyo vuta kiti.

MAJITU YA WAPI HAYA?

Karibu vyote ni vya ukoo wa Gundam. Mwaka 1979 televisheni ya Japani ilianza kuonyesha katuni iitwayo Mobile Suit Gundam, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino. Ni hadithi ya vita vya angani, na jitu lenyewe la chuma lina urefu wa mita 18, linaendeshwa na kijana aliyeketi ndani yake. Mara ya kwanza watazamaji hawakuichangamkia, ikakatizwa kwenye sehemu ya 43. Mwaka 1980 kampuni ya Bandai ikaanza kuuza vifaa vya plastiki vya kujiundia jitu hilo kwa kipimo cha 1 kwa 144, na hapo ndipo moto ulipowaka.

Sasa sikiliza sehemu inayonifurahisha. Kulikuwa na kijana wa sekondari aitwaye Koji Yokoi. Alikuwa akituma michoro yake kwenye jarida dogo la Bandai lililosomwa na wapenzi wa vinyago. Katika michoro hiyo Gundam hakuwa jitu la kutisha. Alikuwa mfupi, kichwa karibu nusu ya mwili, kama mtoto aliyevaa kofia ya baba yake. Bandai wakaipenda. Mwaka 1985 wakaanza kuuza vinyago vya umbo hilo kwenye mashine za gashapon: unatia sarafu, unazungusha mkono wa mashine, linadondoka yai la plastiki lenye kinyago ndani. Huchagui, unapewa ulichobahatika. Mtindo huo ukaitwa SD, herufi mbili zinazotokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya umbo lililovurugwa kupita kiasi.

Vingi vya mwanzo vilikuwa vya mpira wa rangi moja tu, na watoto wa Japani waliita vinyago vya aina hiyo keshigomu, yaani raba ya kufutia penseli. Shika neno hilo, nitalirudia.

Piga hesabu: mita 18 ni sentimita 1,800. Gawanya kwa 4 unapata 450. Jitu limepunguzwa mara 450 na bado ukiliona unajua ni nani!

KWA NINI MTU WA PROGRAMU AVIPENDE

Kwa sababu hii ni kazi yetu. Picha ya JPEG hutupa kile ambacho jicho halitakikumbuka na kubakiza kile ambacho likikosa litalalamika. Aliyewahi kuchora aikoni ya pikseli 16 kwa 16 anajua uchungu huo: una viraba 256 tu, na mtu lazima atambue kwamba hii ni bahasha, ile ni kikapu.

SD ni hivyohivyo. Gundam wangu hana magoti. Vidole hana. Silaha yake imekuwa kipande kinene kama kiberiti. Lakini pembe za umbo la V kwenye paji zipo, kidevu chekundu kipo, kifua cha buluu kipo. Adui yake, Zaku, amebakiza jicho lake moja na rangi ya kijani. Ondoa pembe au ongeza jicho la pili, na jina limepotea. Kila nikitaka kuongeza kitufe cha tisa kwenye ukurasa wa mteja, namtazama Zaku. Jicho moja linamtosha.

VILIFIKAJE KISUMU?

Hapa ndipo watu huniona naongopa. Sijawahi kununua hata kimoja dukani. Sijawahi kufika Japani. Katuni yenyewe sikuiona utotoni. Jitu la kwanza nililolijua ni Voltron, tena kwa kanda ya video ya jirani, wale simba watano wanaoungana kuwa mtu mmoja. Gundam nilikutana naye ukubwani, amefunikwa vumbi, ametoka ndani ya gari.

Magari mengi ya mitumba tunayoendesha Kenya yanatoka Japani. Yanateremshwa Mombasa na kusafiri zaidi ya kilomita 800 hadi huku ziwani. Ukiwasha gari kama hilo, mama mmoja hukusalimu kwa Kijapani. Wengi wanadhani anawatakia safari njema. Mara nyingi ni kifaa cha kulipia ushuru wa barabara za huko, kinalalamika kwamba hukuweka kadi. Yule mama amedai kadi hiyo kuanzia Kondele hadi Maseno na hakuna aliyempa!

Kisha kuna redio. Japani masafa ya FM huanzia megahezi 76, na kwa miaka mingi yaliishia 90, baadaye yakasogezwa hadi 95. Kwetu stesheni zimejipanga kati ya 88 na 108. Kwa hiyo mwenye gari jipya anapata stesheni chache tu, halafu kimya. Anakwenda kwa fundi wa redio, fundi anafungua dashibodi ili afunge kifaa cha kuhamisha masafa au abadilishe redio nzima. Na nyuma ya dashibodi, ndugu msomaji, ndiko vinakodondokea vitu ambavyo mtoto aliviegesha juu siku moja akienda shule: sarafu za yeni, kifungo, peremende iliyogeuka jiwe. Na viroboti.

Fundi wangu ana kibanda karibu na Kibuye. Kabla hatujajuana, vitu hivi alikuwa anavifagia na takataka nyingine kwenda kuchomwa. Siku niliyompelekea gari la rafiki alinionyesha kimoja akiuliza, "Omera, wewe wa kompyuta, hii ni spea ya nini?" Tangu siku hiyo ananiwekea, nami namlipa shilingi 50 kwa kimoja, kizima au kilema.

Chanzo cha pili ni vijana wa kuosha magari ufuoni, ambao huinua viti na mikeka. Kazi yao si mchezo. Waosha magari wa Kisumu waliosimama ziwani maji yakiwafika magotini walipata kichocho mara kwa mara kiasi kwamba watafiti waliwafuatilia kwa miaka mingi kuujifunza ugonjwa huo. Ndiyo maana kijana akinitolea kiroboti mfukoni sipunguzi bei hata kidogo.

DAFTARI LA VIROBOTI

Fundi wa programu akikusanya vitu lazima atengeneze jedwali, hawezi kujizuia. Langu lina safu hizi:

- namba
- jina, kama limejulikana
- aina ya gari na mwaka wake
- mahali kilipokuwa ndani ya gari
- kinachokosekana (mkono, pembe, ngao)
- aliyekipata

Jina ndiyo kazi ngumu. Vinakuja bila boksi wala karatasi ya maelezo. Naanzia mgongoni au chini ya nyayo, ambako mara nyingi kuna maandishi madogo ya wenye hakimiliki. Napiga picha kwa simu, nakuza, natafsiri, kisha natafuta mtandaoni picha inayofanana. Vingine vimenichukua jioni moja, kimoja miezi minne. Saba bado havina majina.

Safu ya gari ina siri yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari dogo lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo kinyago cha nyuma ya dashibodi kilipotea ndani ya dirisha hilo la miaka 8: si kabla gari halijaundwa, wala si baada ya kupakiwa melini. Namba 12 ni raba ya rangi moja ya mtindo wa miaka ya 1980, na ilitoka ndani ya Vitz ya 2011. Mtoto wa 2011 hakukipata kile kwenye mashine mpya. Nadhani kilikuwa cha baba yake. Kuna nyumba moja Japani ambako mtu aliambiwa "kitunze hiki," na hakukitunza. Namba 12 sikiuzi.

Safu ya mwisho, aliyekipata, niliiongeza baadaye, na sasa ndiyo ninayoithamini zaidi. Mkusanyaji ni rahisi kujiona yeye ndiye aliyegundua. Mimi sikugundua kitu. Waligundua watu wenye mikono ya grisi na wenye miguu majini.

BINTI WA FUNDI

Fundi ana binti wa darasa la sita. Jumamosi hukaa kibandani akimsubiri baba. Aliniona nikivipanga viroboti, akauliza, "Anko, mbona jitu hili halitishi?" Nikamweleza habari ya kichwa na miguu. Hakusema neno. Wiki iliyofuata alinionyesha tuk-tuk aliyoichonga kwa wembe kutoka kwenye raba ya shule. Tuk-tuk ya Kisumu kabisa, imesimama kwa miguu miwili, taa ya mbele imekuwa jicho moja kama la Zaku, na paa limefura likawa kofia. Hakuna aliyemwambia kwamba watoto wa Japani waliviita raba!

Baadaye akachonga matatu, kisha mashua ya Dunga ambayo tanga lake limekuwa ngao. Kila moja ni sentimita 3 au 4. Kila moja unaitambua papo hapo.

Mama yake hakufurahi. Alinijia uso kwa uso: "Shemeji, mtoto anamaliza raba moja kila wiki. Hesabu anakosea na hana cha kufutia. Hivi vinyago vyako vitampotezea masomo." Nikamsimulia habari za Koji Yokoi, mwanafunzi aliyetuma michoro hadi ikawa biashara kubwa. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza swali ambalo bado linanikaa kooni: "Huyo wa Japani alikuwa na jarida la kutuma. Huyu wangu atatuma wapi?"

Wadau, ni swali zuri kuliko yote matatu ya wageni wangu. Kipaji cha Yokoi kilikuwa chake, lakini anwani ya kutumia haikuwa yake, ilikuwepo tayari. Kulikuwa na mtu ofisini aliyefungua bahasha za watoto na kuzitazama kwa makini. Sisi tuna watoto wenye wembe na raba kila mtaa, kuanzia Nyalenda hadi Manyatta. Wa kufungua bahasha ndio haba.

Sikuwa na jibu la kumtosha mama. Nilichokuwa nacho ni jedwali. Kwa hiyo tumekubaliana watatu. Raba ya shule ni ya shule. Raba za kuchonga nanunua mimi, na anachonga Jumamosi tu, kazi ya shule ikishakwisha. Kila anachokamilisha nakipiga picha pande nne, nakiandika kwenye jedwali lake mwenyewe, si langu, pamoja na jina lake na tarehe. Safu yake ya mwisho haisemi "aliyekipata." Inasema "aliyekibuni." Siku mtu akianza kuuza tuk-tuk zenye kichwa kikubwa, tarehe zitakuwepo. Na vinyago vyenyewe vinabaki kwake. Sijakiomba hata kimoja.

UKITAKA KUANZA

Huhitaji mtaji. Kama una gari kutoka Japani, inua mikeka, ingiza mkono kwenye reli za viti, na ukibadilisha redio mwombe fundi aangalie nyuma. Ukipata kitu usikikwangue. Kioshe kwa maji na sabuni ya kawaida, kwa sababu petroli huharibu rangi na plastiki. Andika gari na mwaka siku hiyohiyo, maana kesho utasahau. Mlipe aliyekipata.

Na kama kuna mtoto karibu anayechungulia begani mwako, mwachie nafasi aone. Weka raba ya ziada mezani.

Tuonane wakati mwingine. Tutarudi kwenye hifadhidata, naahidi!