Utumishi wa Mwalimu Mkristo Huanzia Darasani

Wanachuo wengi wanaojiunga na chuo chetu huniambia, katika mazungumzo yetu ya kwanza, kwamba wamechagua ualimu ili wamtumikie Mungu na watu wake. Maneno hayo ni mema, wala sina nia ya kuyakejeli, maana niliyasema mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wao. Lakini yafaa mwalimu ajiulize mapema: utumishi huo huonekana mahali gani, na saa ngapi? Katika makala haya nitaeleza jinsi nilivyolipata jibu la swali hilo. Nililipata kwa aibu, na aliyelipa gharama ya somo langu hakuwa mimi bali mtoto.

Mwaka 2012, nikiwa na cheti cha ualimu cha Daraja la A, nilipangiwa kufundisha katika shule ya msingi ya kijiji kimoja mkoani Kagera. Shule hiyo ilianzishwa na misheni, kisha ikawekwa chini ya serikali kufuatana na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, kama zilivyowekwa shule nyingine nyingi za mashirika ya dini. Msalaba ulikuwa bado umechongwa juu ya mlango wa jengo la zamani, ingawa walimu na watoto waliopita chini yake walikuwa wa dini mbalimbali. Mwaka uliofuata nilikabidhiwa somo la Kiswahili katika Darasa la Tatu, lenye watoto 84.

Mimi ni Mkristo wa Kilutheri. Haikupita miezi mingi usharika ukanichagua kuwa mwalimu wa kwaya, nami nikaipokea kazi hiyo kwa furaha kubwa, hasa kwa kuwa mashindano ya kwaya za jimbo yalikuwa yakikaribia. Mazoezi yalifanyika Jumatano na Ijumaa kuanzia saa nane mchana, maana wanakwaya wengi walikuwa wakulima waliotaka kuwahi nyumbani kabla ya jioni. Kwa bahati mbaya, kipindi changu cha mwisho siku hizo mbili kilikuwa kipindi cha kusoma. Nikawa na desturi ya kuandika habari fupi ubaoni, kuwaagiza watoto wainakili, kumweka kiranja asimamie, na kuondoka. Moyo wangu haukunisuta hata kidogo. Nilijiambia kwamba ninakwenda kumtumikia Mungu, na kwamba watoto nimewaachia kazi.

Madaftari yao yalinifurahisha. Siku ya Jumatatu niliyakusanya na kuyasahihisha, nikatia alama za vema ukurasa baada ya ukurasa. Daftari la binti mmoja lilikuwa safi kuliko yote. Herufi zake zilisimama sawasawa kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba.

Ilipofika Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, ambayo makanisa yetu huiadhimisha karibu na tarehe 29 Septemba na ambayo ibada yake huongozwa na watoto, mchungaji aliniomba nimchague mtoto wa kusoma somo. Sikufikiri mara mbili. Nilimchagua yule binti, nikamwonyesha sura na mistari, nikamwambia ajizoeze nyumbani. Sikumsikiliza akisoma, kwa sababu nilikuwa na kwaya.

Siku hiyo kanisa lilijaa. Binti alisimama mbele na kufungua Biblia, akasema mstari wa kwanza kwa sauti nzuri bila kosa. Kisha akanyamaza. Akausema tena mstari uleule. Akausema mara ya tatu, kwa sauti ndogo zaidi, kidole chake kikitembea juu ya ukurasa ambao, kama mzee mmoja wa kanisa alivyoniambia baadaye, haukuwa na somo lile kabisa. Dada yake alikuwa amemkaririsha mstari mmoja nyumbani. Mingine haikumkaa kichwani. Mtoto yule hakujua kusoma.

Nami nilifanya nini? Niliipa kwaya ishara, tukaimba ili kuifunika ile aibu. Tuliimba vizuri sana. Binti alirudi kuketi karibu na mama yake, akajifunika uso kwa kitenge cha mama.

Jumatatu hakuja shuleni, wala Jumanne. Nilikwenda kwao jioni nikiwa nimeyaandaa maneno ya kumfariji. Mama yake alinikaribisha kwa heshima, akanipa kigoda, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikupata kusoma. Nikiona vema kwenye daftari la mwanangu, najua kwamba anajua. Na hizo vema ni wewe uliyeziweka."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi yeye, nikamwomba radhi mtoto, na kesho yake nikaliambia darasa zima kwamba kosa lilikuwa la mwalimu.

Ndipo nilipokwenda kwa mwalimu wa Darasa la Kwanza, mama mmoja Mwislamu aliyekuwa amefundisha miaka mingi kuliko umri wangu. Chumba chake kilipakana na changu, na mwaka mzima ni yeye aliyekuwa akiwatuliza watoto wangu nilipokwenda kuimba, bila kunishtaki kwa mwalimu mkuu. Sala yake ya adhuhuri aliisali wakati wa mapumziko, na kengele ilipolia alikuwa tayari mlangoni mwa darasa lake.

"Shikamoo, mama," nilimwambia. "Nimekuja kujifunza."

"Marahaba, mwanangu," alinijibu. "Nilikuwa nakungoja. Kunakili si kusoma. Mtoto anaweza kulichora neno kama anavyomchora mbuzi. Kesho anza kumwita mmoja mmoja, umwandikie sentensi ambayo hajapata kuiona."

Kazi ya kuwarudisha watoto

Nilifuata ushauri wake, na hapa nawaomba wanachuo wasome kwa makini, maana jambo hili watalikuta. Kila kipindi niliwasikiliza watoto kumi hivi, mmoja mmoja, wengine wakifanya kazi. Nilipomaliza nilikuta kwamba watoto 31 hawakuweza kusoma sentensi fupi, na miongoni mwao 12 hawakuzijua herufi zote. Wote walikuwa na madaftari yenye vema.

Niliwagawa hao 31 katika vikundi vitatu: wa herufi, wa silabi, na wa maneno. Tulikata maboksi ya dukani tukapata kadi, tukaziandika silabi. Mtoto aliyeshika kadi ya ba na ya bi aliweza kuunda baba, bibi na biba. Akaulizwa ni lipi lisilo neno, na kwa kulikataa tulijua kwamba anasoma wala hakisii. Silabi nyepesi zilipokwisha tuliingia katika zile nzito, kama mba, nda na shwa, ambazo ndizo zinazowaangusha wengi.

Kadhalika nilikumbuka kwamba watoto wengi huzungumza Kihaya nyumbani. Kwa hiyo kila sentensi tuliisema kwa mdomo kwanza na kuielewa, ndipo tuisome. Sentensi zenyewe zilihusu migomba, senene na ziwa, vitu wanavyovijua. Kila siku niliandika sentensi mpya, ili pasiwe na nafasi ya kukariri. Watoto wanaosoma vizuri walikaa na wenzao wawili wawili, wakiwasikiliza kwa upole.

Mazoezi ya kwaya yalihamia Jumamosi alasiri. Baadhi ya wanakwaya walinung'unika, na katika mashindano ya jimbo hatukupata nafasi ya kwanza wala ya pili. Lakini kufikia katikati ya mwaka 2014, kati ya wale 31 walikuwa wamebaki sita. Yule binti alikuwa akisoma. Hata hivyo hakukubali tena kusimama mbele ya watu kanisani, nami sikumlazimisha. Kuna madhara ambayo mwalimu huyatenda kwa siku moja asiweze kuyaondoa kwa mwaka.

Tunajifunza nini?

Katika mfano wa Msamaria mwema, kuhani na Mlawi wanampita mtu aliyejeruhiwa. Zamani niliwaona kuwa watu wabaya wasiofanana nami. Sasa nafahamu kwamba mtu aweza kumpita mwenye shida akiwa na kitabu cha nyimbo mkononi. Wala sisemi kwamba kwaya ni kosa. Kuimba ni ibada. Kosa ni kumtolea Mungu dakika 40 ambazo si zetu, bali za mtoto.

Martin Luther alifundisha kwamba kazi halali ya kila siku, ya mkulima au ya fundi, ni wito wa Mungu sawa na kazi ya kanisani; na mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule na kuzitunza. Nililijua fundisho hilo tangu kipaimara. Nililijibu sawasawa katika maswali, kama yule binti alivyousema mstari wa kwanza.

Lakini tahadhari moja ni ya lazima. Mwanachuo asije akadhani kwamba namhimiza ageuze somo la Kiswahili au Hisabati kuwa mahubiri. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kila mtu katika imani yake, na darasani tumekabidhiwa watoto wa kila dini. Kipindi cha dini kina mahali pake katika ratiba. Ukristo wa mwalimu wakati wa somo la Kusoma ni kufika kwa saa, kujiandaa vizuri, kumsikiliza hata mtoto wa dawati la nyuma, na kutoweka alama ya vema mahali asipokuwa na hakika nayo. Alama ya vema ni ushahidi. Ikitolewa ovyo huwa ushahidi wa uongo, na mzazi asiyejua kusoma hana njia ya kuugundua.

Mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulirekebishwa, ukatilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Ulikuwa mpango mwema. Hata hivyo hakuna mtaala uwezao kumsikiliza mtoto akisoma. Kazi hiyo ni ya mwalimu, naye hana wa kumkabidhi.

Ndugu wanachuo, ninapowatembelea wakati wa mazoezi ya kufundisha, nina desturi moja ambayo wengine huiona ya ajabu. Naomba daftari lililo safi kuliko yote darasani. Kisha namwita mwenye daftari hilo, naandika sentensi mpya kwenye kipande cha karatasi, na kumwomba anisomee taratibu. Nawasihi mfanye hivyo kabla sijafika.