Mchezo uliobaki kwenye kompyuta yangu

Jumamosi huwa naenda makao ya watoto hapa Kisii na laptopu tatu kuukuu. Tunatumia Scratch, programu ya bure ya MIT iliyotoka 2007. Toleo la 1.4 halihitaji intaneti wala mashine yenye nguvu. Mvulana mmoja alitengeneza mchezo wa matatu inayokwepa mashimo hadi Nyamira (mashimo mengi kuliko abiria!). Jumamosi iliyofuata hakuwepo. Alirudishwa kwa nyanyake Nyamira, mchezo nikabaki nao mimi. Kosa langu: watoto hawa huhama ghafla. Sasa kila mmoja ana flashi yake, yenye kazi zake na Scratch yenyewe. Ya kwake nimempa msimamizi amfikishie. Nyumbani hawana kompyuta, lakini sokoni kuna saiba.