Meno na Maji ya Mlima Meru

Mkaazi wa Sekei akifungua dirisha asubuhi huuona Mlima Meru umesimama mbele yake, zaidi ya mita 4,560. Hifadhi ya Taifa ya Arusha ilianzishwa mwaka 1960 kwa bonde la Ngurdoto, lililo mfano wa bakuli, na mlima ukaongezwa mwaka 1967. Wageni huja kutazama twiga, nyati na mbega, hupanda juu na askari mwenye bunduki, kisha huenda zao wakisifu. Wana haki ya kusifu. Lakini maji ya mlima huachiwa wenyeji.

Shangazi yangu alikuja kutoka Tanga kumtazama binti wa jirani yetu, apate kumposea mwanawe. Binti ana dini na adabu, na amehitimu madrasa. Alipocheka, shangazi akaona meno ya kahawia. Usiku akaniambia, "Mwanangu, asiyejua mswaki ataijuaje tohara?" Posa ikakwama hapo.

Siku ya pili nikampeleka Momella. Heroe walijaa kando ya ziwa, rangi ya waridi, naye akasema "Subhanallah" mara tatu. Nikamwambia, "Maji haya, shangazi, yana magadi na madini ya floraidi, yatokanayo na mawe na majivu ya volkano. Madini hayo yamo pia katika chemchemi na visima vingi vya huku. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajijenga ndani ya ufizi, hutoka na doa, na hapana mswaki wa kuliondoa." Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Katika maziwa ya Momella zimepimwa mamia.

(Watu wa pwani tunawacheka sana watu wa Arusha kwa meno yao. Na katika Sura ya Al-Hujurat tumekatazwa kudharauliana, wanawake wakatajwa mbali na wanaume.)

Shangazi akanyamaza kitambo. "Je, wajukuu wangu watarithi?"

"La. Si jambo la damu. Mtoto akikulia Tanga kwa maji ya Tanga, meno yake yatakuwa kama yako."

"Na hawa watakaobaki huku?"

Nikamweleza kwamba pale Ngurdoto wataalamu wametengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, navyo hupunguza madini hayo. Wengine hukinga maji ya mvua. Nyumba zisizo na kimoja wala kingine ni nyingi.

Tukarudi Sekei kabla ya Alasiri, naye akataka tupitie kwanza kwa jirani.