Usiku Sita Katika Gesti ya Nairobi

Huku kwetu vijijini neno gesti halina sifa njema. Mtu akionekana anatoka gesti asubuhi, watu huangaliana, na jioni habari zake huwa zimekwisha kufika kisimani. Mimi nami nilikuwa na mawazo hayo hayo. Leo nataka kuwasimulia habari za gesti moja ndogo ya Nairobi nilimolala usiku sita, mwezi wa Julai mwaka 2019, nikatoka na deni la shukrani ambalo hata sasa sijamaliza kulilipa.

Kwanza niwaambie sababu ya safari. Mimi ni karani wa parokia hapa Madibira. Nilisomea ualimu chuoni, walakini kazi niliyoipata ni ya kalamu na vitabu: ubatizo, ndoa na vifo. Mwezi wa Machi mwaka ule baba yetu alifariki, akaacha mjane, watoto wanne na shamba la mpunga katika skimu yetu inayonyweshwa na mto Ndembera. Wazee wa ukoo walipokaa kugawa mirathi, mmoja wetu hakuwapo: mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Alikuwa ameondoka Juni 2016, na hatukupata habari zake tena.

Baba mdogo akasema, "Mtu aliyekaa miaka mitatu kimya mhesabuni pamoja na marehemu, na fungu lake wapewe wenziwe." Mama aliposikia akanyanyuka kwenye mkeka. "Mimi sijamzika mtoto wangu," akasema. "Anayelijua kaburi lake anipeleke nikalione." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mwanangu, unayejua neno ulilomwambia, ndiwe utakayekwenda kumtafuta."

Neno lenyewe sitawaficha. Mdogo wangu alitaka tuuze magunia ishirini ya mpunga apate mtaji wa biashara. Nami, kwa kuwa nilikuwa mkubwa na msomi wa nyumba, nilimjibu mbele za watu, "Ondoka hapa, na usirudi mpaka umekuwa mtu." Usiku ule ule akaondoka. Baada ya majuma machache ujumbe mmoja ulifika katika simu ya jirani, ukisema kwamba yuko Nairobi salama, na kwamba amefikia gesti fulani karibu na River Road. Tangu hapo kila tulipopiga namba yake tuliambiwa haipatikani.

Basi nikaenda Uhamiaji kuomba hati ya kusafiria, nikachanjwa homa ya manjano, nikapewa kadi yake. Tena nilinakili cheti cha ubatizo cha mdogo wangu kutoka katika kitabu chetu, paroko akakitia sahihi na mhuri. Sikujua kitanifaa nini. Nilikichukua kwa mazoea ya kazi yangu tu. Nikapanda basi mpaka Mafinga, kisha Iringa, Dodoma na Arusha. Kesho yake nikavuka mpaka wa Namanga, na jioni ya siku ya Jumatatu nikaingia Nairobi.

Msomaji, ukienda Nairobi mwezi wa Julai, usiache sweta nyumbani. Mji ule uko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, umeipita hata Iringa. Wenyeji wa Mafinga hawatashangaa, lakini sisi wa bondeni, tuliozoea joto la majaruba, tunatetemeka. Na jina lake lasema kweli, maana Wamasai walipaita mahali pale kwa jina lenye maana ya maji baridi. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika hapo mwaka 1899, palikuwa tope na majani, mahali pa kunyweshea ng'ombe. Wajenzi wa reli wakapiga kambi, na mwaka 1905 makao makuu ya serikali ya kikoloni yakahamishiwa hapo kutoka Mombasa. Yaani mji wenyewe ulianza kama mahali pa kulala wasafiri, na mpaka leo watu wengi utakaokutana nao watakuambia kwamba kwao ni mahali pengine.

Gesti ile niliipata kwa kuulizauliza, maana jina lake nililiweka moyoni miaka mitatu. Ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili, imebanwa kati ya duka la vyuma na hoteli ya chai. Ngazi zake nyembamba, vyumba kumi na viwili, choo na bafu mwisho wa ukumbi. Chini ya ngazi palikuwa na meza, na nyuma ya meza ameketi mama mmoja wa makamo, kajifunga leso kichwani.

Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama."

"Mzuri," akajibu, akatabasamu. "Unataka nini?"

"Naomba chumba cha bei nafuu."

Hapo akacheka kabisa. "Wewe umetoka Tanzania. Nyinyi huomba hata kitu mnacholipia. Uko na kitambulisho?"

Kwetu tungesema "una kitambulisho", lakini nilimwelewa. Bei ilikuwa shilingi 800 za Kenya kwa usiku, ambazo siku zile zilipita elfu kumi na saba za kwetu, chai ya asubuhi mbali. Kisha akasogeza kitabu kikubwa chenye jalada gumu, akanipa kalamu.

Ndugu zangu, mimi ambaye kila siku huwaandika watu wengine, mkono ulinitetemeka. Palikuwa na safu za tarehe, jina, namba ya kitambulisho, atokako, aendako, na sahihi. Tena pembeni kabisa palikuwa na safu iliyopigwa mstari kwa mkono, imeandikwa juu yake, "Mtu wa kuarifiwa." Nikamwuliza maana yake. Akaniambia kwamba zamani mgeni mmoja alifariki usingizini katika nyumba yake. Polisi walikuja wakamchukua, walakini hakuna aliyejua kwao ni wapi. "Tangu siku hiyo," akasema, "napiga huo mstari mwenyewe kila nikinunua kitabu. Asiyeujaza halali hapa."

Nikaandika jina la mama yangu.

Kesho yake asubuhi nilimweleza haja yangu, nikamwomba aniruhusu kutazama kitabu cha mwaka 2016. Akakunja uso. "Kitabu cha wageni si gazeti," akasema. "Wako wanaume huja hapa kuwatafuta wake waliowakimbia. Wako wanaodai madeni. Kila mmoja husema anamtafuta ndugu yake."

Sikukasirika. Hata mimi ofisini kwangu simfungulii mtu kitabu cha ndoa kwa sababu ameniomba tu. Nikamshukuru, nikatoka kutafuta kwa miguu. Siku tatu nzima nilizunguka. Nilikwenda Gikomba kwenye nguo za mitumba na mbao, nikaenda stendi za matatu, nikaenda mahali panapojengwa majumba. Nilionyesha picha yake mpaka pembe zikakunjamana. Jioni nilirudi gesti miguu imevimba, mama yule akaniuliza, "Bado?" nami nikajibu, "Bado, Mama." Hakuniuliza zaidi, lakini usiku wa pili nilikuta blanketi la ziada kitandani, na usiku wa tatu ndoo ya maji ya moto mlangoni.

Katika siku hizo niliwaona wageni wenzangu. Alikuwapo baba mmoja wa kutoka Kitui aliyemleta mtoto hospitali, naye alipika uji kwenye jiko la mwenye nyumba. Walikuwapo vijana wawili wa Uganda wauza vitambaa, na mwalimu mstaafu aliyefuata malipo yake ya uzeeni. Sikuona mambo yale tunayonong'onezana vijijini. Nadhani yako mahali pengine, maana nyumba za wageni ziko za namna nyingi. Lakini katika ile niliona watu walio mbali na kwao, kila mmoja na shida yake, wakisubiri kupambazuke.

Siku ya Ijumaa jioni nguvu zilinisha. Nikaketi kwenye ngazi, nikatoa kile cheti cha ubatizo nikitazame, maana kilikuwa kitu pekee chenye jina lake nilichokuwa nacho. Mama akaniona. "Hiyo ni karatasi gani?" Nikampa. Akaisoma polepole, akagusa mhuri kwa kidole. Akaniuliza nani ameandika. Nikasema ni mimi, ndiyo kazi yangu. Akalinganisha mwandiko na mstari wangu katika kitabu chake. Mwandiko ulikuwa mmoja, na jina la mama yangu nililolijaza kwenye safu ile ndilo lililokuwa katika cheti, mahali pa jina la mama wa mtoto.

Tukazungumza kidogo. Kwao ni Murang'a, akaniambia, na mapadre wa Konsolata walifika huko mwaka 1902. Nikamwambia kwamba mapadre hao hao walikuja Iringa mwaka 1919, na mpaka leo wazee wetu wanawataja. Akanyamaza, kisha akainuka, akafungua kabati, akashusha vitabu vitatu vyenye vumbi.

Tulitafuta kwa saa nzima chini ya taa. Mwezi wa Juni, hakuna. Mwezi wa Julai, tarehe kumi na nne, nikaona mwandiko ninaoujua, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha herufi, nikimshika mkono. Jina lake kamili. Atokako: Madibira. Aendako: Ndarugo, machimbo ya mawe. Na katika safu ya mtu wa kuarifiwa hakuandika jina la Mama. Aliandika jina langu, na mbele yake maneno haya: kaka, karani wa parokia.

Nilishindwa kuendelea kusoma. Mama yule akafunga kitabu, akaenda kuniletea chai.

Asubuhi ya Jumamosi nilipanda matatu ya barabara ya Thika. Ndarugo ni mahali wanapochonga mawe ya kujengea nyumba, na machimbo ni mengi. Katika chimbo la kwanza hawakumjua. Katika la pili wakaniambia, "Yule Mtanzania? Yule anayesema naomba, naomba? Alihamia kule ng'ambo." Saa nane mchana nilimkuta, mweupe kwa vumbi kutoka utosini hata miguuni. Aliniona, akaweka nyundo chini, akaniamkia, "Shikamoo, kaka," kana kwamba tuliachana jana. Nikamwomba radhi kwanza, kabla ya kumpa habari za msiba. Nilidhani ndiyo haki.

Habari yake ilikuwa fupi. Simu aliibiwa katika juma lake la kwanza mjini, na namba zote zikaenda pamoja nayo. Baadaye alipopata nyingine, aibu ikamzuia kutafuta njia. Kila mwezi alijiambia kwamba mwezi ujao atakuwa na kitu cha kuonyesha. Nilielewa kwamba alikuwa akingoja kuwa mtu, kama nilivyomwamuru.

Usiku ule tulilala wawili katika chumba changu, baada ya yeye naye kuandikwa kitabuni. Alizungumza na Mama kwa simu mpaka salio likaisha. Jumapili tulisali Misa katika kanisa la Mtakatifu Petro Klaver, karibu na Racecourse Road, na mchana nikapanda gari la Arusha. Yeye alibaki kumaliza kazi aliyoianza, akaja Madibira mwezi wa Desemba. Shamba likagawanywa mbele yake. Alikaa siku kumi, akarudi Ndarugo, maana maisha yake sasa yako huko. Bado hatujazungumza yote tunayopaswa kuzungumza, lakini simu yake inapatikana.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeona kwamba na watu pia ni vivyo hivyo. Kwa hiyo wewe unayesafiri, shauri langu ni hili. Uliza bei kabla ya kupandisha mzigo, na uulize kama chai imo. Jaribu kufuli ya mlango, uone kama inafunga. Usitaje fedha zako ukumbini. Andika namba za nyumbani kwenye karatasi, wala usiitegemee simu peke yake. Na ukipewa kitabu cha wageni, usiandike jina la uongo kwa kuona haya. Huenda mstari ule ndio utakaofuatwa na ndugu yako siku moja.

Na wewe unayebaki nyumbani, usimwambie anayeondoka neno litakalomfungia njia ya kurudi.

Mimi mwenyewe, tangu niliporudi, nimeweka daftari dogo mezani kwangu ofisini, mbali na vitabu vya Kanisa. Kijana akija kuchukua cheti cha ubatizo kwa ajili ya safari, namwuliza anakwenda wapi, atafikia kwa nani, na nani aarifiwe likitokea jambo. Mstari wa pembeni naupiga kwa rula, kwa mkono wangu. Mpaka leo daftari limejaa kurasa kumi na nne, wala hakuna hata mmoja aliyekataa kuandika.